Wubshet Anyanyua Vyuma

Siku hema lilipowaangukia wanawake waliokuwa wakimlilia bikizee wa mtaa, Emama Shitaye, Wubshet hakuiachia nguzo. Hilo alilisema wiki nzima, kwa waliomuuliza na kwa waliomkimbia. Na ilikuwa kweli tupu. Aliishika nguzo ya kati kwa mikono miwili, ikaanza kuinama, akainama nayo, ikalala chini, naye akalala juu yake, ameikumbatia kama mlevi aliyekutana na ndugu. Turubai likashuka juu ya kilio, juu ya mabenchi na birika za kahawa, na kwa muda marehemu akasahauliwa kabisa, maana chini ya turubai kila mtu alikuwa anatafuta kiatu chake.

Katika mtaa ule wa maghorofa, pembezoni mwa Addis Ababa, chama cha kuzikana kina hema lake, mabenchi yake na masufuria yake. Mtu akifa, hema lazima lisimame uwanjani mapema, na halisimami mpaka mmoja aingie katikati, ainue nguzo na kuishikilia wima wakati wenzake wanavuta kamba pande zote. Kazi yenyewe haimalizi muda wa kunywa kikombe kimoja cha kahawa. Lakini kushika nguzo ni cheo. Hakina mshahara wala karatasi, na wapo watu wazima wenye wajukuu walionuniana miaka kwa ajili yake.

Wubshet, muuza mapazia wa soko la Merkato, alikipata cheo hicho zamani, alipokuwa na mabega. Baadaye mabega yakateremka taratibu, yakakutana njiani na tumbo likipanda, na yeye ndiye pekee katika jengo lao ambaye hakuliona jambo hilo. Kioo cha nyumbani kwake kilimwonyesha mpaka kifuani tu, na hakuwa na haraka ya kununua kirefu zaidi.

Msimamizi wa watu wa hema alikuwa Lakew, aliyeitwa Gashe kwa heshima ya umri, dereva wa malori aliyestaafu, mwembamba kama ufito, mwenye ulimi ambao mkewe mwenyewe aliuita wembe. Alisubiri mazishi ya Emama Shitaye yaishe, hema likunjwe, watu watawanyike. Kisha akamwendea Wubshet.

"Mdogo wangu," alisema, "msiba ujao utakaa na wazee. Ukiletewa chai, kunywa."

"Gashe, upepo ulikuwa mkali."

"Upepo gani? Mshumaa wa padri ulikuwa unawaka."

"Na nguzo sikuiachia."

"Ungeiachia tungeidaka. Ulilala juu yake, tukashindwa hata kuinua."

"Mpaka lini, Gashe?"

"Mpaka mikono yako irudi. Au ufe wewe, tukusimamishie hema. Lolote litakalotangulia."

Basi hapo ndipo Wubshet alipoumwa kweli. Angeweza kupoteza duka, akalalamika na kulala usingizi. Lakini kuketi kwenye benchi na wazee, huku mtu mwingine amesimama katikati ya hema na macho ya mtaa mzima juu yake, hilo hakuliweza. Aliitaka nguzo yake.

Mtu mwingine angeanza kutembea. Wubshet alinunua mashine.

Aliipata kwa mgeni mmoja wa shirika aliyekuwa anafungasha kurudi kwao, mmoja wa wale wanaokaa nchini muda wa kutosha kununua kila kitu na kutotumia chochote. Ilikuwa mashine ya mazoezi ya nyumbani, ya kukaa: kiti cha sponji, mikono miwili ya kusukuma, ufito wa kuvuta kutoka juu, waya wa chuma unaozunguka kwenye makapi, yale magurudumu madogo ya kupitishia kamba, na nyuma ya kiti vipande vya chuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine kama matofali. Mlinzi wa yule mgeni aliifungua yote kwa spana moja, akamwaga bolti na nati zote kwenye ndoo ya rangi, akatingisha ndoo kuhakikisha zimechanganyika vizuri.

Kitabu cha maelekezo kilikuwepo, kinene, kwa lugha ya kwao huko baridini.

"Angalia hata picha," mkewe Zenebech alimwambia.

"Picha za nini? Zenebech, mimi nimetundika mapazia ya nusu ya mji huu. Reli, kamba, makapi. Hii ni pazia la chuma."

"Pazia la sebuleni lilikuangukia mwaka jana."

"Lile ukuta ulikuwa mbovu."

Fremu ilikataa kupinda kwenye kona ya ngazi. Watu wa hema, ambao siku nyingine wangebeba hata kabati la jirani bila kuombwa, siku hiyo walikuwa na migongo mibovu wote, na walikaa kwenye kizingiti kuiuguza huku wakimtazama. Mwishowe Wubshet akaiburuta mpaka kwenye jengo la pamoja, lile banda la saruji ambamo wakazi huchinjia, hufulia na kupikia shughuli kubwa, akaiunga humo jioni baada ya jioni.

Alifunga bolti ndefu penye fupi na fupi hakuzifunga kabisa. Kiti alikigeuza nyuma mbele, akakaa, akaona magoti yanagusa kidevu, akakigeuza tena. Waya aliupitisha kwenye makapi kwa namna iliyompendeza macho, kisha kwa namna iliyozunguka. Alipomaliza, nati na washa zilizobaki zilijaa kikombe. Na ilibaki fimbo moja ya chuma, nyoofu, inayong'aa, yenye matundu yaliyopangwa kwa nafasi sawa.

Mtu wa mapazia akiona fimbo nyoofu moyo wake hulainika. Wubshet aliigeuza mikononi, akaamua kwamba kiwanda kimeiweka kama ya akiba, akaipeleka nyumbani na kutundikia pazia la chumbani.

Fimbo ile ndiyo inayotakiwa kupita katikati ya matofali yote. Unachomeka pini kwenye tofali unalolitaka, pini inaingia kwenye tundu la fimbo, na ukivuta, kila kilicho juu ya pini kinapanda. Bila fimbo, mvutaji anavuta tofali la juu kabisa peke yake, na mengine yanalala usingizi wake. Lakini matofali yalikuwa mgongoni kwake anapoketi, na Wubshet hakuwa mtu wa kugeuka nyuma.

Alianza Jumatatu ya kwanza ya mfungo mkubwa. Mkristo wa Orthodoksi mwenye akili timamu anayetaka kujenga misuli hungoja Fasika, yaani Pasaka, maana kwa karibu miezi miwili kabla yake hagusi nyama, wala maziwa, wala yai. Wubshet aliona kungoja ni woga. Akamfuata kwenye simu mwalimu mmoja mwenye shingo ya fahali, ambaye kila asubuhi alivunja mayai sita kwenye bakuli na kumwambia Wubshet afanye vilevile. Wubshet alitazama mayai yale kwa uchungu, akazima simu, akakoroga unga wa shayiri na maji, akanywa, akaenda kunyanyua vyuma.

Banda lilikuwa na wenyewe. Ulikuwa msimu wa kukausha pilipili, na wanawake walikuwa wamezoea kutandaza pilipili zao humo. Mashine ilipoingia waliitazama, wakaona ina mikono, wakatundika vikapu. Wakaona ina kiti cha sponji, wakatandaza.

"Aberash," Wubshet alimwambia jirani yake wa mlango wa pili, akifikicha macho kwa mkono ambao nao ulikuwa umeshika pilipili, "hicho ni kiti cha mazoezi."

"Na hili ni banda la pilipili. Kaa tu, tunakusogezea."

"Natokwa na machozi."

"Wanaume hulia kwa uzito, kaka. Nasikia ndiyo dalili ya kukua."

Alikuja katika suti ya michezo ya kijani iliyombana kila mahali isipokuwa mabegani. Alivuta, akapiga chafya, akavuta tena. Na ajabu, vyuma vilikuwa vyepesi. Wiki ya kwanza alichomeka pini kwenye tofali la tatu na kuona anaweza. Akashusha pini. Akaweza. Akashusha tena. Mwili wake, alimweleza Zenebech, unakumbuka ulikotoka. Misuli haisahau.

Zenebech alimbinya mkono juu ya kiwiko.

"Mbona laini?"

"Huo ni wa kufunga. Ndani umekaza."

"Ndani wapi? Nimefika mfupani."

Kufikia katikati ya mfungo alikuwa amepungua tumbo, jambo ambalo shiro, ule mchuzi wa unga wa dengu, na njaa humfanyia kila muumini bila mashine. Yeye aliliandika kwa jina la mashine. Akaanza kutembea mikono ikiwa mbali na mbavu, kama mtu aliyebeba ndoo mbili zisizoonekana. Dukani alinyanyua marobota ya vitambaa mbele ya wateja na kuyaweka palepale. Na alipofikisha pini kwenye tofali la mwisho, chini kabisa, alihakikisha mtaa unajua.

Gashe Lakew alikuja kuona. Alisimama mlangoni, maana kuingia kungekuwa kumpa Wubshet heshima.

"Pini iko wapi?" aliuliza.

"Chini kabisa, Gashe. Mzigo wote."

"Mzigo wote ni sawa na nini?"

"Sawa na watu wawili. Mmoja wao mnene."

Lakew alimtazama akivuta na kuachia, kuvuta na kuachia, usoni mkavu kama amekaa kwa kinyozi. "Hata hutoi jasho," alisema.

"Nimeshazoea."

"Haya. Baada ya Fasika tutazungumza habari ya nguzo."

Wubshet alikwenda nyumbani akiimba.

Wanawake wa pilipili ndio waliokaa upande wa nyuma wa mashine. Waliona kila siku kwamba linalopanda ni tofali moja. Wengine walidhani ndivyo mashine za wageni zilivyo. Aberash, kama alivyokiri baadaye, alielewa mapema sana, akanyamaza, kwa sababu ulikuwa mfungo na burudani nyingine hakuna.

Fasika ikafika. Asubuhi, watu wakiwa na macho mekundu ya mkesha na tumbo linalonguruma kwa miezi miwili, wakazi wa jengo walimchinja ng'ombe wao wa kushirikiana, yule anayenunuliwa kwa mchango, hukatwa na kugawanywa mafungu sawa, kisha mafungu hupigiwa kura ili mtu asiseme jirani kapewa mapaja. Mguu wa nyuma huning'inizwa kwanza ili ukatwe vizuri. Lakini kulabu ya banda ilikuwa imeliwa na kutu, na Sisay, fundi bomba wa ghorofa ya kwanza ambaye ndiye aliyeshika kisu mwaka huo, aliitikisa ikabaki mkononi mwake.

Macho yote yakaenda kwenye mashine.

"Ina kamba na kapi," Sisay alisema. "Gashe, tuutundike hapo?"

Lakew akamgeukia Wubshet. "Itastahimili?"

Mtu mwenye busara angesema mashine ni ya kunyanyulia vyuma, si ng'ombe. Wubshet alikuwa amesubiri swali hilo tangu hema lianguke.

"Nikiweka pini chini kabisa, Gashe, mguu huo utaelea kama pazia. Uzito wa nyuma unauzidi. Fungeni kwenye ufito wa juu. Mtaniambia."

Akachomeka pini mwenyewe, kwa madaha, akarudi nyuma akakunja mikono kifuani. Wanaume wanne wakainua mguu, Sisay akaufunga kwenye ufito kwa kamba mbili, wakasikilizia, wakaachia.

Mguu ulishuka moja kwa moja mpaka sakafuni kwa kishindo cha nyama mbichi, ukamrushia Gashe Lakew damu kwenye shuka jeupe la sikukuu. Nyuma, tofali la juu liliruka peke yake mpaka mwisho wa reli, likagonga chuma, likabaki limening'inia huko. Chini yake matofali mengine yote yalikuwa yamepangana kimya, na pini yake imechomekwa vizuri kabisa.

Watu walitazama tofali lililo juu, wakatazama yaliyo chini, wakamtazama Wubshet. Ni Aberash aliyewasaidia.

"Kaka alikuwa ananyanyua kifuniko cha sufuria," alisema. "Sufuria ilikuwa inabaki mekoni."

Kicheko kilichofuata kilisikika mpaka jengo la pili, ambako nao walikuwa na ng'ombe wao, wakaacha kukata, wakaja kuuliza. Walielezwa. Wakaomba waonyeshwe tena. Sisay, ambaye si mtu mbaya, alilia machozi akiwa ameegemea ukuta. Lakew peke yake hakucheka. Alifuta damu kwa kitambaa, taratibu.

"Watu wawili," alisema. "Mmoja wao mnene."

Wubshet alilipokea fungu lake la nyama kwa macho ya chini, akapanda ngazi. Wakati watu wote wanakula, alikaa kitandani akitazama dirisha. Zenebech aliingia na sahani ya kuku. Akafuata macho ya mumewe mpaka juu ya pazia, kwenye fimbo inayong'aa, yenye matundu yaliyopangwa kwa nafasi sawa.

"Hiyo ya nini, kwa kweli?" aliuliza.

"Ya mashine."

Zenebech aliweka sahani chini. Alikuwa na maneno, na alikuwa na haki nayo. Alipanda kwenye stuli, akaanza kuchomoa vishikizo vya pazia kimoja kimoja. "Leo kula," alisema. "Kesho usome zile picha."

Alisoma. Alikaa na kitabu cha lugha asiyoijua, kidole kwenye mchoro, kikombe cha nati pembeni, akafungua kila alichokifunga. Bolti fupi zikarudi kwao. Fimbo ikaingia katikati ya matofali kwa mlio mdogo wa chuma uliomtia aibu kuliko kicheko cha mtaa mzima. Alipokaa kuvuta, pini ikiwa kwenye tofali la mwisho, hakikusogea kitu. Akapandisha pini. Hakikusogea. Akapandisha mpaka alipofika karibu na juu kabisa, ndipo chuma kikainuka, na mikono yake ikatetemeka kama ya mtu anayebeba trei kwenye harusi ya matajiri.

Hizo ndizo zilikuwa nguvu zake zote. Sasa alizijua.

Alikizungusha kiti ili akae akiyatazama matofali. Kitabu kilikataza, mwalimu wa kwenye simu angekataza pia, na ni kweli ilimpinda mkono wa kushoto. Lakini hakutaka tena kunyanyua kitu asichokiona. Aliendelea hivyo, pini ikishuka tofali moja, siku nyingine ikirudi juu, na wapita njia wakichungulia mlangoni kumwuliza kama kifuniko hakijambo.

"Hakijambo," alijibu. Alikuwa ameshaacha kueleza.

Kuhusu nguzo, Lakew hakuzungumza wala Wubshet hakuuliza. Msiba wa jengo la tatu ulipotokea, Lakew alishika nguzo mwenyewe, na Wubshet akaketi na wazee, akaletewa chai.

Kisha alfajiri moja mpiga tarumbeta wa chama akapita kati ya majengo, akitangaza kwamba Etagegn, dada mkubwa wa Gashe Lakew, aliyekuwa anaishi kwake, amefariki. Watu wa hema wakatoka wakijifunga mashuka, wakafungua stoo, wakatandaza turubai uwanjani. Ndipo wakakumbuka. Mfiwa hagusi kazi. Lakew alikuwa ndani, ameketi chini na dada yake.

Walitazamana. Mmoja alisema kwamba bega lake halijapona. Mwingine alikuwa mfupi. Kushika nguzo kwenye msiba wa Lakew mwenyewe, ambaye hata akilia ataona kamba iliyolegea, si kila mtu aliyekitaka cheo hicho siku ile.

"Wubshet," Sisay akasema. "Wewe umeizoea."

Wubshet alisimama juu ya ule mti mrefu uliolala kwenye vumbi. Kila kitu alichokitaka tangu msiba wa Emama Shitaye kilikuwa miguuni pake, bila mtu wa kumzuia. Madirishani watu walikuwa wameshaanza kuchungulia. Kabla ya Fasika angeukwapua mti ule kabla Sisay hajamaliza kusema. Sasa alijua pini ilipo. Aliijua tofali kwa tofali.

"Njoo tushike wote," alisema.

"Wawili?"

"Peke yangu nitaufikisha nusu."

"Nguzo hii haijawahi kushikwa na wawili," alisema yule mfupi. "Watu watatucheka, bwana."

"Watanicheka mimi, nimeshazoea. Mara ya mwisho ilishikwa na mmoja, unakumbuka ilikolala. Sisay, shika chini yangu. Miguu panua. Haya, vuteni kamba."

Mti ukapanda. Kwa muda mfupi ulisita, ukaelekea upande uleule wa siku ile, na Wubshet akasikia mikono yake ikifika mwisho wake, kama alivyoujua, na chini ya mikono yake akasikia ya Sisay ikipokea. Kamba zikakazwa. Turubai likajaa hewa, likatulia.

Walipomleta Gashe Lakew, amejitanda shuka lake zito mpaka kichwani, ameshikwa na wapwa zake huku na huku, watu walisogea kumpisha. Aliinua uso uliovimba, akatazama juu mahali nguzo inapokutana na turubai, akashuka nayo kwa macho mpaka kwenye mikono minne.

"Wawili," alisema kwa sauti iliyokwisha.

"Wawili, Gashe," Wubshet akajibu.

"Kwa ujiti huu."

"Ndiyo, Gashe."

Lakew alikaa kwenye benchi la kwanza. Alitazama kamba ya kushoto, ya kulia, akaitazama tena nguzo kwa muda mrefu. Watu wa hema walisubiri, vichwa chini.

"Haujainama," alisema hatimaye, kama anayelalamika. Kisha akafunika uso na kuanza kumlilia dada yake.

Sisay alimgusa Wubshet begani. "Mabenchi bado yako stoo," alinong'ona.

Wubshet akaiachia nguzo, akawafuata wenzake kubeba mabenchi, mikono ikimtetemeka mbele ya watu wote.